Mistari ya Nikeli

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza, ya asubuhi, nyepesi. Naandika kwa sababu msimu uliopita mteja alinishika koo akidai nilipiga rangi gari lake siku ya mvua, nami sikuwa na la kumwonyesha. Mwaka huu kila jioni nitaandika hali ya hewa na kazi iliyofanyika, basi.

Ila leo kuna jambo. Mama mkwe amekuja karakana.

Tangu niolewe hajawahi kukanyaga hapa. Wakati wa posa aliuliza, nami nikasikia, mwanamke wa nyundo atashika mwiko saa ngapi. Nililimeza. Tumeishi vizuri kwa kukaa mbali: akiugua naenda, kukiwa na msiba tunakaa mkeka mmoja, basi. Leo ameingia akiwa kwenye kiti cha abiria cha pikapu ya marehemu baba mkwe, makanika wa jirani yake akiwa kwenye usukani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kumbe ndiyo hapa." Akatazama juu. "Bati lenu linavuja."

Nikamwambia najua. Akashuka, akapiga kibao ubavu wa pikapu kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni.

"Hizi nikeli ziondoke. Zote. Mistari ya ubavuni, majina, lile dude la kwenye boneti. Matundu uzibe. Iwe laini kama yai."

Nilidhani sijasikia vizuri. Pikapu hii imenizidi umri. Juu nyeupe, chini bluu, na katikati mstari wa nikeli unaoanzia taa ya mbele hadi taa ya nyuma, kila upande. Baba mkwe aliitwa Mzee Nikeli na watu ambao hawakujua hata jina lake. Nikamuuliza kama watoto wake wanajua.

"Wewe ni fundi au ni karani?" akasema. Makanika akajifanya anatafuta funguo.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Nimemweleza mume wangu jana usiku wakati wa kula, akaweka kijiko chini.

"Mama amesema hivyo? Mama yangu?"

Akaniuliza kama fundi, si kama mke, nami nikamjibu kama fundi. Faida: chini ya ile mistari maji hulala, kutu hula taratibu na huoni mpaka imefika mbali. Bodi ikiwa tupu unaiosha kwa kitambaa kimoja, na gari linaonekana refu, safi. Hasara: matundu hayazibwi kwa puti, ile dawa laini ya kujazia bati, maana puti hutikisika gari likibeba mzigo na siku moja hudondoka kama kigaga, kwa hiyo ni kuchomelea, na moto hupinda bati. Milango nayo hubaki bila kinga, mtu akiufungua mlango wake vibaya sokoni unaugulia wewe. Tena ile mistari haipatikani popote. Ukishaziba, umeziba.

"Basi hasara zimezidi," akasema.

Nikamwambia sikuwa napima, nilikuwa nahesabu tu yaliyopo.

Kisha akasema alijifunza kuchana nywele kwenye mstari wa upande wa dereva. Alikuwa mfupi, hakufikia kioo. Uso ulitokea mrefu kama wa farasi na yeye alidhani ndivyo alivyo.

Tumekubaliana nisiguse kitu hadi wakae kama familia.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua kutwa. Nimenyoosha mlango wa teksi.

Jumatatu, 10 Machi

Jua hadi saa nane. Mama amekuja kwa miguu na mwavuli. Nikamwambia nasubiri kikao. Akauliza kikao gani. Nikamwambia cha familia. Akakaa juu ya ndoo ya rangi, akajifuta miguu, akasema, "Mimi si familia?"

Nikasema basi nitatoa mstari mmoja tu, tuone kuna nini nyuma yake. Hilo si kubadilisha, ni kuchunguza. Nilikuwa najidanganya mwenyewe na wote wawili tulijua.

Umetoka kwa shida. Nyuma yake bati lilikuwa la rangi ya chai. Kwenye mlango wa abiria nilisukuma bisibisi kidogo tu, ikapenya hadi ndani. Mama aliinama akachungulia kupitia tundu.

"Miaka yote naling'arisha hili," akasema, "kumbe nalisha kutu."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Nimetoa mistari yote ya kushoto. Bati lililooza halisubiri kikao.

Alhamisi, 13 Machi

Manyunyu. Mama anakuja kila siku sasa, anakaa kwenye ndoo ile ile. Nilidhani anakuja kunisimamia. Leo nimeona anatazama mikono yangu, si kazi.

Alinieleza bila kuulizwa. Kila Jumamosi, marehemu alitoa pikapu uani, akaweka kiti chake kivulini, na yeye Mama akapewa kopo la dawa na kitambaa. Marehemu hakuwa mkali, alisema. Alikuwa anapiga soga naye, anamchekesha. Lakini aliyekuwa ameinama ni yeye. Wapita njia walisema, "Mzee, pikapu yako inang'aa," naye Mzee alijibu, "Tunajitahidi."

"Tunajitahidi," Mama akarudia, akacheka peke yake.

Halafu akaniambia jambo la maana. Ana kitalu cha miche nyuma ya nyumba, miparachichi na michungwa, kila mtu anakijua. Msimu wa mvua ndio wakati wa kuuza, watu wanapanda sasa. Kila mwaka alikodi mikokoteni, maana pikapu haikubeba miche: matawi yangekwaruza nikeli, udongo ungechafua. Ilibeba wageni, maharusi na majeneza ya watu wakubwa. Mwaka huu anataka miche ipande pikapu kabla mvua haijakatika.

Nikamwambia mvua hiyo hiyo ndiyo inayonizuia kupiga rangi. Akasema hilo ni langu.

Kisha akasema, "Ziba." Nikaanza kuchomelea.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nachomelea nukta kwa nukta, moja mbele, moja nyuma, napoza kwa kitambaa kibichi kila mara. Upande wa kushoto yamebaki matundu machache. Bado sijamwambia mume wangu. Kila nikitaka kusema anaanza yeye kusema habari nyingine.

Jumanne, 18 Machi

Leo sitaandika mengi kuhusu hewa. Ilikuwa kavu.

Saa nne alikuja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, na mgeni mwenye miwani na viatu vya kung'aa. Shemeji aliingia akiongea, kama kawaida yake: "Hii ndiyo, Daktari. Baba hakuiacha ipoteze hata msumari. Kila kipande cha kiwandani." Wakaja kwa upande wa kulia, ambao sikuwa nimeugusa. Mgeni akatoa kitambaa mfukoni, akafuta mstari, akachuchumaa. Baadaye nilijua ni daktari wa meno na anakusanya magari ya zamani. Aliitazama pikapu hivyo hasa, kama mdomo: alianza mbele, akahesabu vipande kimoja kimoja akienda nyuma, akakunja kona ya nyuma.

Akasimama.

"Huku hakuna kitu," akasema.

Shemeji akaja akaona. Bati lilikuwa tupu na lenye madoa ya moto kama mgonjwa wa tetekuwanga. Akanigeukia.

"Shemeji, umefanya nini?"

 Nikasema kulikuwa na kutu. Akasema gari hili limeshapata mtu, kwamba amemwahidi Daktari tangu mwezi uliopita, kwamba sharti lilikuwa lisiguswe. Akauliza nani amenituma. Sauti ilikuwa imepanda, na wale wa karakana ya pili walikuwa wameshaacha kupiga nyundo ili wasikie.

"Mimi," Mama akasema.

Alikuwa nyuma ya kabati la msasa, kwenye ndoo yake. Shemeji hakuwa amemwona. Akainama kumwamkia, maana kuamkia kuko pale pale hata ukiwa na hasira, naye akaitikia, na kwa muda mfupi ikawa kama wamekutana barabarani tu.

"Mama, ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia."

"Nilitaka kukupunguzia mzigo. Gari limekaa tu pale uani."

"Linakaa kwa sababu hakuna anayeniuliza nataka liende wapi."

Shemeji akamgeukia Daktari aombe radhi, lakini Daktari alikuwa anamtazama Mama. Akavua miwani.

"Mama, samahani. Wewe ulikuwa unataka kuiuza?"

"Hajaniuliza mtu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Nakuuliza."

"Siuzi."

Daktari akarudisha miwani. "Basi nimekuja na koleo nyumba ambayo hakuna anayeumwa jino," akasema, na mimi nilicheka ingawa haukuwa wakati wake.

Lakini hakuondoka. Alimwambia Mama kwa upole kile nilichomwambia mume wangu, tena vizuri zaidi: kwamba magari ya aina hii yenye mistari yake kamili yamebaki ya kutafutwa kwa tochi, kwamba mwakani akibadili mawazo hakuna fundi atakayemrudishia, na kwamba watu kama yeye hawatalitazama tena mara mbili.

"Hilo la mwisho," Mama akamuuliza, "una hakika nalo?"

"Nina hakika."

"Basi fundi, malizia na upande huu."

Ndipo nilipoelewa. Ya kutu na ya kung'arisha yalikuwa kweli, ila alikuwa amekwisha kusikia kuna mnunuzi. Alikuwa anaiondolea pikapu kila kitu ambacho kingemfanya mtu mwingine aitake.

Shemeji alitoka bila kuaga. Daktari aliaga kila mtu, hata Fundi Rangi, yule ninayegawana naye karakana, aliyekuwa amelala chini ya lori.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Mume wangu amesikia kutoka kwa kaka yake. Jana usiku alikula, akaosha mikono, akasema kitu kimoja: "Ungeniambia wewe, ningekasirika siku moja."

Nimemwambia ana haki. 

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Hasemi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Asubuhi ameniuliza chumvi iko wapi. Iko pale inapokaa siku zote.

Jumapili, 23 Machi

Karakana imefungwa leo. Mume wangu amekwenda huko peke yake nikiwa naosha nguo, amechukua mistari yote niliyoifunga kwenye blanketi, ameileta nyumbani na kuisukuma chini ya kitanda. Ni mirefu, imetokeza miguuni. Nimejigonga muundi nikienda kumfunika mtoto wetu. 

Alhamisi, 27 Machi

Mawingu. Nimeharibu. Mlango wa dereva, tundu la katikati. Nilikuwa nawaza ya nyumbani, nikakaa na moto mahali pamoja, na bati likajikunja mbele ya macho yangu kama karatasi iliyomwagikiwa maji. Kutwa nzima nimepiga kwa nyundo ndogo na chuma cha kushikilia nyuma, napasha, napoza.

Mama aliona. Nilingoja aseme. Akasema, "Naweza kushika hicho cha nyuma?" Nikampa. Ana mikono yenye nguvu kuliko Fundi Rangi, na akishika kitu hakisogei. Tumekwenda hivyo hadi saa kumi, mimi nje, yeye ndani ya mlango, tukisemezana kupitia bati. Juu. Chini kidogo. Hapo hapo. Mwisho nikapitisha kiganja, karibu kabisa, lakini si sawa.

"Huo utasawazishwa na puti nyembamba," nikasema.

"Unasema kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga iliyoungua," akasema. Ni kweli, ndivyo puti ilivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kubwa. Upande wa kulia umezibwa. Nimepiga praima, ile rangi ya chini, haraka, maana bati tupu hulala zima na kuamka na kutu. Mtaro wa barabarani umejaa taka, nimepiga kelele kwa kila mtu na hakuna aliyekuja kuzibua.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika Alhamisi asubuhi, jana sikuweza.

Mvua ilianza saa saba mchana na haikuwa ya kawaida. Karakana iko chini ya barabara, na upande wa nyuma mteremko unashuka hadi kwenye korongo. Fundi Rangi alikuwa amekwenda kununua msasa. Tulikuwa Mama na mimi. Alikuwa amekuja na chai kwenye chupa.

Kwanza maji yalipita mlangoni, membamba, nikaweka magunia. Kisha mtaro ukafurika kabisa na yakaja kwa pamoja, ya rangi ya matofali, yakabeba magunia na viatu vya mtu. Nikakimbilia mitungi ya gesi, hiyo ndiyo ya kuokoa kwanza. Niliinyanyua mmoja mmoja juu ya benchi na kuifunga kwa mnyororo. Maji yalikuwa magotini, na nyuma nikasikia ukuta wa mabati unalia. Nikageuka nikaona pikapu inasogea. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaelea kidogo na kutua, likielea na kutua, kuelekea upande wa korongo.

Nilikuwa nimekata betri ili nichomelee. Nikapiga kelele, "Mama, toka nje, panda barabarani."

Hakutoka. Alifungua boneti, akaweka kichwa ndani, akauliza, "Nyekundu inakwenda wapi?" Nikamwambia. Akafunga kwa mkono, bila spana, akakaza kwa kitambaa. Akazunguka, akapanda upande wa dereva, ambao haukuwa na kiti, kiti nilikuwa nimekitoa. Akavuta ndoo yake ya rangi, akaiweka, akakaa.

Injini iliitika mara ya tatu. Nilidhani anajaribu tu kuiwasha ili mimi niendeshe. Nilikuwa bado nimeshika mnyororo. Akaweka gia, nikaisikia ikiingia vizuri, bila kusaga, na pikapu ikasimama mahali pake ndani ya maji ikinguruma. Hakukanyaga kwa nguvu. Aliipandisha polepole, akailaza kidogo kushoto kukwepa lori, akapita mlangoni akiacha nafasi ya mkono mmoja kila upande, akaingia kwenye mvua, boneti limeangushwa tu bila kubanwa, vioo nilikuwa nimevitoa, na akapanda mwinuko wa kwenda barabarani kwa gia ya kwanza bila kusimama hata mara moja. Ukisimama pale kwenye tope hutoki.

Nilipofika juu, nimelowa hadi mifupa, alikuwa ameipaki mbele ya duka la vioo, breki ya mkono imevutwa, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu. Alikuwa bado amekaa juu ya ndoo, mikono kwenye usukani.

"Mama, umejifunza wapi?"

"Mawe ya msingi wa ile nyumba unadhani yalijileta?"

Baadaye, tukiwa tumejikinga chini ya paa la duka, alinieleza. Mwaka marehemu alipovunjika mguu, yeye ndiye aliyesomba mawe na mchanga, mwezi mzima, mtoto mkubwa akiwa amefungwa mgongoni. Mguu ulipopona marehemu alimwomba asiwaeleze watu, wangemcheka. Watu waliambiwa ni binamu. Hakugusa usukani tena.

"Ulikubali tu?"

"Alikuwa ameumia. Nilidhani ni kwa muda." Akakamua pindo la kitenge. "Halafu muda ukapita."

Nilimtazama. Miaka yote nilidhani huyu mwanamke hakunipenda kwa sababu ya nyundo. Sikumwuliza. Lakini alisema mwenyewe, akiangalia barabarani: "Ulipokuja kuolewa nilisema mwanangu ameoa mtu ambaye watamkataza kazi yake. Nikaona bora niwe wa kwanza, uzoee."

Sijui kama hilo ni kweli au ni maneno ya siku ya mafuriko. Nimeliandika kama alivyolisema.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua, kama vile hakuna kilichotokea. Tope hadi kwenye rafu ya pili. Msasa wote umeharibika, kompresa ya kupulizia rangi itahitaji kufunguliwa.

Mume wangu hakwenda kazini. Alikuja na koleo, akatoa tope tangu asubuhi. Saa sita nilimkuta amesimama mbele ya duka la vioo, ameweka kiganja kwenye mlango wa dereva.

"Mama ameniambia," akasema. "Kumbe aliyefungwa mgongoni ni kaka. Anadhani yeye ndiye anayeijua pikapu hii."

Kisha akaniomba kipande cha msasa, hata kilicholowa. Hajui kusugua, anazungusha duara, nikamwonyesha kwenda mbele na kurudi. Tumesugua wote wawili. Hatukuzungumza ya chini ya kitanda.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Puti haikauki.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Mama amekuja kusema miche imeanza kuota mizizi nje ya makopo.

Ijumaa, 11 Aprili

Manyunyu. Kuhusu rangi. Mstari ulikuwa unaficha mpaka wa nyeupe na bluu, bila mstari mpaka ule unaonekana kama nguo iliyoshonwa na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo rangi moja. Fundi Rangi amependekeza nyekundu. Mume wangu bluu. Mama amechukua udongo uani kwa vidole, akampa Fundi Rangi. "Hii."

"Rangi ya tope, Mama?"

"Itachafukia nini?"

Jumatatu, 14 Aprili

Kavu tangu jana. Fundi Rangi alitaka tusubiri siku moja zaidi, hewa bado nzito, rangi inaweza kupauka. Mama alisema mteja wake wa miparachichi anaondoka Ijumaa. Nikachukua uamuzi mimi: tupige. Tumefunga milango kwa turubai, tumewasha jiko la mkaa pembeni ya ukuta tangu alfajiri kufukuza unyevu, tukalitoa kabla ya kufungua kopo. Tabaka mbili za rangi. Imekaa vizuri, isipokuwa kona ya chini ya mlango wa dereva, pale nilipopinda bati. Ukijua pa kutazama utaona wimbi. Mimi nitaliona maisha yangu yote.

Nimemwonyesha Mama kabla hajauliza. Akainama, akatazama kutoka pembeni, jicho moja limefumba.

"Naliona," akasema. "Halizuii mlango kufunga?"

"Hapana."

"Basi."

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua ya jioni. Mama ameondoka nayo asubuhi, peke yake, kiti kimerudishwa. Bila nikeli inaonekana ndefu na yenye aibu kidogo, kama mtu aliyenyoa ndevu za siku nyingi. Mume wangu alisimama barabarani hadi ilipokata kona. Akasema haifanani na ya Baba hata kidogo. Sikujua anasema kwa uchungu au vipi, na nadhani yeye pia.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Makanika amesema ameiona pikapu imejaa michungwa hadi juu, matawi yanafagia pande zote mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua inapungua. Hakuna jipya. Shemeji bado hapokei simu ya mdogo wake.

Jumanne, 6 Mei

Kavu, upepo. Nadhani msimu umekwisha.

Saa tisa pikapu imeingia karakana. Tope hadi madirishani. Mlango wa abiria umebonyea, bonde la upana wa sahani, rangi imetoka katikati. Pale pale ambapo mstari ungepokea kipigo.

Mama akashuka. "Nimegonga nguzo ya lango la mteja nikirudi nyuma," akasema. "Mwenyewe." Alilisema hilo la mwisho jinsi mtu anavyosema amepika mwenyewe.

Nikapitisha mkono. Kwa bahati bati halijachanika. Nilikuwa bado nimechuchumaa nilipoona viatu vya shemeji mlangoni. Hajaja hapa tangu siku ile ya Daktari. Akamwamkia mama yake, akanisalimia mimi, kisha akaizunguka pikapu yote. Upande wa dereva alikawia. Aliporudi alikuwa amekunja mikono nyuma.

"Mama, nahama nyumba," akasema. "Nimetafuta gari la kubeba vitanda na kabati. Wote wanasema wana kazi hadi wiki ijayo."  "Nikasema nikuulize."

 Mama alinigeukia mimi kwanza. "Hili bonde ni kazi ya muda gani?"

"Niachie kesho, jioni unaichukua."

"Kesho nina mzigo." Akafungua mlango uliobonyea, ukagoma kidogo, akauvuta kwa goti, ukafunguka. Akafunga. Akarudi upande wa usukani na kupanda, na ndipo alipomtazama mwanawe kupitia dirishani.

"Keshokutwa asubuhi," akamwambia. "Uwe umeshatenganisha vitanda. Na kamba uje nayo wewe, zangu zina miche."